Beseni la Watoto wa Mbwa

Nililitambua beseni kabla sijamtambua aliyelishika. Nilikuwa Lushoto, wiki moja baada ya maziko ya Mzee Zakaria, kwa sababu taarifa ya msiba ilinifikia kwa kuchelewa na nyonga zangu siku hizi hazitaki kupandishwa gari kwa pupa. Wenyeji walinikalisha sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, chumba kinanukia moshi wa kuni na makoti yaliyoloa ukungu. Akaja mwanamke wa makamo, jagi la maji ya moto mkono mmoja, beseni mkono wa pili, akapiga goti mbele yangu ninawe kabla ya kula. Beseni jeupe la bati, ukingo wa buluu, maua mawili mekundu ndani yake, na katikati ya ua moja rangi imebanduka na kuacha doa jeusi. Doa lile nililitia mimi, siku niliyolidondosha kwenye sakafu ya jiko nikalia kana kwamba nimevunjika mguu. Mikono yangu ikabaki hewani. Yule mwanamke akadhani maji yamezidi moto, akaniomba radhi. Alikuwa Naomi, binti wa marehemu. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka minane, amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, amempakata mbwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Nilifanya kazi katika nyumba ya wageni ya shamba moja la mkonge kusini mwa Tanga, ukishaipita Tongoni kwa njia ya Pangani. Jina la shamba silitaji. Waliokuwapo wanalijua, na wasiokuwapo halitawasaidia kitu. Ulikuwa mwaka wa foleni. Wanangu wakinisikia nikisimulia hudhani natia chumvi, na chumvi yenyewe tulikuwa tukiitafuta. Sabuni ya mche tuliikata kwa uzi, vipande vyembamba, kila mtu na chake, na aliyekisahau kisimani alirudi mbio. Duka la shamba lilikuwa na viberiti vilivyolowa na majembe yasiyo na mipini. Siku unga wa njano ulipoletwa, watu walipanga mawe kwenye mstari badala ya miili yao, kila jiwe na mwenyewe, wakarudi korona, kiwanda cha kuchana mkonge, na ole wake aliyesogeza jiwe la mwenzake. Juu ya yote hayo kulikuwa na lile neno, mhujumu uchumi. Redio ililitaja asubuhi na wakubwa wakalirudia mchana. Jirani mmoja aliyekuwa na madebe mawili ya mafuta ya kula aliyamwaga shimoni kwa hofu ya kukutwa nayo, na sisi tuliokuwa hatujakaanga kitu miezi miwili tulipita pale tukavuta harufu, tukaenda zetu.

Mzee Zakaria alikuwa mtunza mbwa wa shamba. Alikuwa Mshambaa, Mlutheri, mtu wa maneno machache na nyimbo nyingi za kanisani, ambazo aliziimba puani akiwa anafanya kazi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikwenda na mashine ya korona ujanani mwake, na tangu hapo wakampa mbwa. Aliishi kwenye nyumba ndogo ya shamba, hatua chache kutoka banda la mbwa, na mkewe Mama Naomi na huyo binti yao wa mwisho. Mama Naomi alikuwa na pumu. Zahanati ya shamba ilikuwa na sindano na vidonge vyake, kwa familia za wafanyakazi tu, na mwaka ule ukitoka nje ya shamba ungeweza kuzunguka wilaya nzima usipate hata aspirini. Kila mtu alilijua hilo. Yeye mwenyewe aliniambia siku moja, bila kulalamika, huku akinoa kisu: "Mimi siishi kwa kazi hii, binti. Anayeishi kwa kazi hii ni mke wangu."

Masika yalipokatika, trekta la kubeba mkonge lilimgonga mbwa jike aliyekuwa akinyonyesha, akaacha watoto sita wa wiki nne. Meneja aliwataka sana wale watoto. Singa, zile nyuzi za mkonge, zilikuwa zikiibwa kwenye kamba za kuanikia, dizeli ikinyonywa kwenye matrekta, na mbwa wakubwa waliobaki walikuwa mbavu na macho. Nilikuwa nammiminia chai alipomwambia karani wa stoo kwamba wale sita lazima wakue, na wakifa, Zakaria atafute nyumba kwingine. Alisema hivyo akiwa anapuliza chai, kisha akauliza kama kuna muhogo wa kuchemsha. Mimi nikaenda kuuleta. Kwa hiyo nilijua tangu siku ya kwanza kilichowekwa rehani juu ya matumbo ya wale wadogo, na sina kisingizio cha kutojua.

Zamani mbwa wa shamba walikula ugali uliosongwa na dagaa. Sasa unga ulikuwa haupo, na uliokuwapo ulikuwa wa watu. Meneja alitaka ikatwe sehemu ya ule wa njano wapewe mbwa. Mzee Zakaria alikataa, akasema siku watu watakapoona mbwa wanasongewa ugali, watamla mbwa na mtunzaji wake. Akasema atawalisha vibichi. Mimi nilicheka. Akaniambia kwamba ujanani, huko msituni kwao, aliwafuata wawindaji, na mbwa walipewa fungu lao palepale mnyama alipoanguka, wadogo kwa wakubwa, wala hakuna aliyekoka moto kwa ajili yao. "Mama yake mbwa alipika lini?" akaniuliza. Asubuhi tatu kwa wiki alipanda baiskeli kwenda mjini machinjioni akarudi na gunia linalovuja: mapafu, wengu, koromeo, utumbo ambao haujaoshwa. Siku nyingine alileta vichwa vya samaki kutoka kwa wavuvi wa Tongoni. Kwa mkono wake mbovu hakuweza kukatakata vile vitu vidogo vya kutosha midomo ya watoto, na meneja akaamua kwamba kazi ya kukata nyama ni kazi ya jikoni, na mtu wa jikoni ni mimi.

Msomaji wa bara atanielewa nusu tu nikisema nilivyojisikia. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na ukiguswa na unyevu wake sala yako iko mashakani mpaka ujitwaharishe. Sikuwahi kumpiga mbwa teke wala kumpapasa, nilimkwepa tu. Sasa nilikaa nyuma ya banda, kanga nimeifunga kifuani nisirukiwe, napondaponda vichwa vya samaki kwenye gogo mpaka mifupa ilainike, nimezungukwa na midomo sita inayolia. Mzee alinifundisha taratibu. Siku za mwanzo ini likwanguliwe kwa kisu mpaka liwe uji, kisha utumbo, na usiuoshe, kwa kuwa yale majani yaliyomo ndiyo dawa yao. Yai siku likipatikana, pamoja na ganda lake. Mfupa mbichi ruhusa, mfupa uliopikwa marufuku, kwa sababu huo hupasuka vipande na kuchana utumbo. Alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko mchungaji wake kwa pombe. Na nikiri, baada ya wiki moja wale wadogo walinenepa ajabu. Manyoya yalianza kung'aa, wakaanza kuvutana kamba za mkonge na kuanguka wenyewe kwa wenyewe, na mimi nikajikuta nikichungulia banda hata siku isiyo zamu yangu.

Watu walitukasirikia. Wachana mkonge wakitoka kazini walisimama kwenye ua wa waya kututazama, na sikuweza kuwalaumu. Mwanamke mmoja, mwenye mtoto mgongoni, alimwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika kwamba mwaka huu afadhali kuzaliwa na mkia. Mimi mwenyewe nilikuwa na njaa. Kulipokuwa na moyo wa ng'ombe kwenye gunia, nilikata kipande kidogo nikakiviringisha kwenye jani la mgomba, nikakificha ndani ya kanga, nikakichoma peke yangu nyuma ya jiko. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne Mzee Zakaria aliuchukua ule moyo kabla yangu, akaukata kati kwa ule mkono wake wa vidole vitatu, akaiweka nusu juu ya jani la mgomba kando ya goti langu, akaendelea kuimba puani.

Sasa nifike kwenye beseni. Vyombo vya mbwa vilikuwa vimeibwa zamani, na pengine wakati ule vilikuwa vifuniko vya masufuria ya watu. Siku ya kwanza tuliwamwagia watoto chakula chini, wakala nyama na mchanga, mmoja akakohoa mpaka macho yakamtoka. Beseni langu lilikuwa pale pembeni na nguo nilizotoka kufua. Lilikuwa moja ya vyombo vyangu vya harusi, harusi ambayo ilikuwa ikingoja kitanda na vitambaa virudi madukani, na hata ungekuwa na fedha kiasi gani usingepata la pili. Nililitoa kwa siku moja. Siku moja ikawa siku zote. Lakini sikukubali moyoni kwamba limekuwa beseni la mbwa. Kila walipomaliza nililichukua kwa ncha za vidole, nikaliosha mara saba, ya kwanza kwa udongo, nikalifunika kwenye kibao chumbani kwangu, likiwa safi kisheria, likiningoja niolewe. Mzee alinitazama nikihesabu. Siku moja aliniuliza kwa nini najisumbua kwa chombo kitakacholambwa tena kesho. Nikamwambia hiyo ni baina yangu na Mola wangu. Akaitikia kwamba basi hapo yeye hana neno.

Na udongo nao ulitakiwa uwe safi. Uwanja mzima wa shamba mbwa walikuwa wamepita, wamekojoa, wamelala. Mahali pamoja tu hapakuwa na alama ya mbwa, nyuma ya stoo kuu, palipozungushiwa waya wa miba unaogusa ardhi. Mbuzi hawakuingia, kuku hawakuingia. Udongo wa mle ulikuwa mweupe, laini kama unga, hauna hata jani. Mimi nilikuwa mwembamba siku zile. Niliunyanyua waya wa chini kwa kijiti, nikapenya, nikachota kwa kifuu cha nazi nikajaza kopo langu. Nilijisifu kwa kupagundua. Nilidhani waya ule umewekwa kuzuia mbwa, na kwa kiasi fulani nilikuwa sahihi.

Wiki ya nne dizeli ya mashine ya maji ikaisha. Mabomba yakakauka. Tulichota maji kwenye kisima cha mbali, ndoo mbili kwa siku kwa nyumba nzima ya wageni, na meneja alitaka kuoga. Kuosha beseni mara saba kukawa anasa. Hapo ndipo nilipofanya hesabu yangu ya kijinga, hesabu ambayo ni mtu aliyelelewa kama mimi tu angeifanya. Nilijiambia kwamba lililo zito ni udongo. Maji nitadaiwa, nitayatia yote sita siku mabomba yakifunguka. Nikawa nalisugua beseni kwa ule udongo mkavu, nalifuta kwa tambara, basi. Lilibaki na vumbi jeupe kwenye mikunjo ya ukingo na ndani ya lile doa. Kesho yake nikalijaza nyama mbichi yenye damu, na watoto wakalilamba mpaka likang'aa.

Wa kwanza kufa alikuwa mkubwa kuliko wote, mlafi, ambaye daima alimalizia kulamba chini. Alitapika, akaharisha damu, siku ya pili akalala ubavu asiinuke. Mzee Zakaria alilaumu vichwa vya samaki, tukaviacha. Akafa wa pili. Akalaumu utumbo, tukauacha, tukabaki na mapafu na ini. Wa tatu na wa nne walikwenda siku moja, wa tano akawafuata. Siku zote hizo Mzee alikuwa akikaa nao bandani mchana kutwa, kichwa cha mbwa juu ya paja, anawatilia maji ya dafu mdomoni kwa jani lililokunjwa. Nyimbo zilikoma. Mkewe alikuja mlangoni, amejishika kiuno akitafuta pumzi, akamwuliza kwa Kishambaa, naye akatikisa kichwa tu. Mimi nilisugua beseni kwa bidii zaidi. Nilikuwa nimeogopa kwamba ni uchafu unaowaua, kwa hiyo nilichota udongo mwingi zaidi.

Aliyebaki mwisho alikuwa yule mdogo kuliko wote, mdhaifu, ambaye wenzake walimsukuma akashindwa kufika kwenye beseni, na Mzee tangu mwanzo alimlisha kiganjani. Huyo hakuumwa hata siku moja. Watu wakastaajabu. Karani wa stoo akasema labda ana hirizi. Mzee alimtazama tu yule mtoto, akamgeuzageuza, akafungua kinywa chake akakiangalia, kama mtu anayesoma barua ambayo nusu yake imefutika.

Dirisha la jiko lilitazamana na baraza ya meneja, na nilimsikia akimhukumu. Alisema nyama mbichi imeoza, kila mtu mwenye akili alijua itawaua, na nani ajuaye kama ile nzuri haikuwa ikiuzwa mjini na mbwa wakaletewa mizoga. Mzee Zakaria alijibu kwa sauti ya chini kwamba hakuuza kitu, na kwamba ni bahati mbaya asiyoielewa. "Mwaka huu hakuna bahati mbaya," meneja akasema. "Kuna hujuma tu. Shukuru mvi zako, angekuwa mwingine ningemkabidhi polisi." Akampa mpaka Ijumaa. Lori la shamba lilikuwa linakwenda Mombo kuchukua magogo, lingemchukua yeye na mizigo yake saa kumi alasiri, na kutoka pale angepanda milimani kwa namna atakavyojua.

Ijumaa ile asubuhi, kwa mazoea tu, nilikwenda na kopo langu nyuma ya stoo. Nilikuwa nimeingiza kichwa chini ya waya karani wa stoo aliponiona. Sijawahi kusikia mtu mzima akipiga kelele namna ile. Alinivuta miguu. Akaniuliza kama nina wazimu, kama sikuambiwa, kwamba mapipa ya dawa ya josho, ya tangu enzi shamba lina ng'ombe, yalioza yakamwagika pale, na mbuzi saba walikufa kwa kulamba ardhi kabla waya haujazungushwa. Akaniuliza nautafutia nini udongo ule. Nikasema wa kusugulia sufuria. Akaniambia nikanawe, na nimshukuru Mungu kwamba sikuwahi kuutumia. Nikaitikia ndiyo. Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko, kopo mkononi, na kila kitu kikajipanga chenyewe: mlafi aliyelamba chini kufa wa kwanza, mdogo wa kiganjani kupona, vifo kuanza mara tu maji yalipokatika. Nilikuwa nimeua wale watoto kwa usafi wangu, na mtu mwenye mke mgonjwa alikuwa anafunga mizigo kwa kosa langu, na ilikuwa saa nne. Nilikuwa na saa sita za kulisema.

Nilikwenda. Nataka hilo liandikwe, kwamba nilikwenda. Nyumba yao ilikuwa imebaki kuta. Kitanda kimefunguliwa, picha za kalenda zimebanduliwa, Mama Naomi amekaa juu ya sanduku na kifua chake kikisikika mpaka mlangoni, Naomi juu ya godoro na yule mbwa. Nikasema shikamoo, wakaitikia. Nikasema, "Mzee, nina neno." Walikuwa wanaanza kula, bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu kisicho na nazi. Alinisogezea sahani, akaninawisha yeye mwenyewe. "Kula kwanza, mwanangu," akasema. "Utasema ukishiba." Nikala. Kwa kila tonge niliwaza polisi, niliwaza neno lile la redioni likiwa na jina langu mbele yake, niliwaza mama yangu akilisikia kisimani. Waliponiuliza neno langu ni lipi, nikasema nilikuja kuwaaga.

Mzee Zakaria akasema basi, kama naweza, nimwachie lile beseni, apate cha kumlishia huyu mdogo njiani, maana wao hawana chombo cha kuachia mbwa. Sikuweza kukataa na sikuweza kumpa vile lilivyo. Nikalifuata chumbani kwangu, nikaenda nalo kwenye mtungi wao, maji yao ya mwisho ya safari, nikaomba ruhusa, nikaliosha. Nililiosha kwa maji na jani la mpapai, nikachokonoa ukingo kwa kijiti, nikachokonoa lile doa, mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba, huku machozi yakinidondoka ndani. Aliniangalia tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilipompa, hakulipokea mara moja.

"Leo udongo hukutia," akasema.

"Leo hapana, baba."

Aliniangalia, akaliangalia beseni, akapitisha kidole kwenye ule ukingo. Kisha akamwangalia mbwa mapajani mwa bintiye. Nyumba ya meneja ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, na meneja alikuwa barazani, tulimwona wote. Mzee akaliviringisha beseni ndani ya blanketi, akalifunga kwenye mzigo, akamsaidia mkewe kusimama. Lori likaja saa kumi kamili. Masika yaliyofuata, dereva wa lori lile aliniambia jikoni, huku akisubiri chai, kwamba Mama Naomi amefariki. Kifua kilimbana wiki ya mvua, na dawa ilikuwa haipatikani. Aliongeza kuuliza kama kuna sukari. Nikaacha kazi mwezi ule. Nimeolewa, nimezaa, nimefiwa na mume, nimeishi Usagara, mjini Tanga, miaka mingi, maduka yamefurika kila kitu na mabeseni ya plastiki yanauzwa yamepangwa barabarani kwa rangi zote, na kwa miaka yote hiyo nilijifariji kwa jambo moja: kwamba hakuelewa. Kwamba alikufa, au atakufa, akidhani nilikuwa na haraka tu siku ile.

Naomi aliendelea kunimiminia maji. Nilipomwuliza beseni hili wamelipata wapi, nikijifanya mgeni wa jambo, akatabasamu. Akasema ni la baba yake, alikuja nalo kutoka pwani, mbwa wao alikula humo miaka kumi na miwili, na mbwa alipokufa baba akalikwangua, akalichemsha, akaliingiza ndani kwa wageni. Akasema baba yao hakuwa mtu wa kugombeza watoto kwa vyombo. "Ila hili. Alituambia oshea maji, oshea majivu, oshea chochote, lakini udongo usiliguse. Na alisema lina mwenyewe, atakuja." Aliweka jagi chini akanifuta mikono kwa taulo. "Hatukujua kwa nini, mama. Tulidhani ni mambo ya uzee."

Basi alijua. Alijua akiwa bado mlangoni, lori halijafika, meneja akiwa barazani, mkewe akivuta pumzi kwa shida juu ya sanduku. Angeweza kunyoosha kidole kimoja kati ya vile vitatu. Nilitafuta shukrani moyoni mwangu nikakuta aibu tu, aibu ya miaka arobaini, nzima, haijapungua. Naomi alikuwa ameshafunua chakula, akanisogezea sahani ya ugali na maharage, akaona machozi yangu akadhani ni ya msiba.

"Nina neno, Naomi," nikasema. "Ni juu ya baba yako, na mama yako."

"Kula kwanza, mama," akasema. "Utasema ukishiba."

Nikaisukuma ile sahani mpaka upande wake wa meza. Nikamwambia nitakula nikishasema, kama bado atataka nile.